Mwanasaumu Alalapo Chali

Watu wa Timbwani wana ushauri juu ya kila jambo, hata namna ya kulala. Jirani yangu Mwanasaumu alipoanza kulala chali, hapakupita mwanamke mlangoni pake asiyemwachia neno. Huyu alimwambia achome ubani, yule aweke kisu chini ya mto, mwingine akamletea hirizi iliyofungwa kwa uzi mweusi. Mke wa muuza mkaa, ambaye mumewe hukoroma hadi mimi nyumba ya tatu nakosa raha, naye alikuja kufundisha usingizi. Niliwasikia wote, maana cherehani yangu huwa barazani, na baraza yangu na ya Mwanasaumu zinatenganishwa na ukuta unaofika magotini tu. Nilinyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Mwanasaumu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi. Alianza kusukuma unga kabla ya adhana ya alfajiri, na jua likipanda karai lilikuwa limeshapoa na sufuria imebaki mchuzi wa chini. Mbaazi zake zilikuwa nzito kwa tui, na mkono wake haukujua kupima. Alichota mpaka sahani ikajaa, kisha akakuuliza kama imetosha. Nilimwambia mara nyingi kwamba biashara ya namna hiyo ni sadaka, akacheka akanijazia na yangu. Mumewe alifariki wakati mtoto wao wa pekee, Rashad, alikuwa bado ananyonya. Karai hilo ndilo lililomlea.

Rashad alikua, akapata kibarua cha kushusha mizigo kwenye maghala ya Changamwe, akaoa binti wa Mtongwe anayeitwa Ummi. Asubuhi moja alikula mahamri yake amesimama, kama kawaida yake, akavaa ovaroli yake ya buluu, akavuka feri kwenda kazini. Jioni simu yake haikupatikana tena. Alikokuwa akifanya kazi walisema hakufika. Tulikwenda vituo vya polisi, tukaenda hospitali, tukaenda na kule kunakofunuliwa shuka usoni, na kila shuka ilipofunuliwa Mwanasaumu alisema alhamdulillahi, si yeye. Wengine walisema kachukuliwa, wengine wakasema kakimbia, wengine wakasema bahari. Kwa hasira zangu niliwauliza kama walimwona kwa macho yao.

Miaka ikapita. Ummi alibaki pale kwa mama mkwe wake, akikuna nazi na kuosha sahani, hana jina lolote la kuitwa: si mke mwenye mume, si mjane. Alikuwa msichana wa kucheka alipoletwa. Siku hizo alikuwa akiinua kichwa kila mlango ulipobishwa, kisha akakiinamisha tena.

Kilichomuumiza zaidi Mwanasaumu ni kwamba hakuwa akimwota mwanawe. Kwetu mama ndiye anayeota. Mtu akipotea au akifa, watu hawaulizi kwanza karatasi, humuuliza mama, "Umemuona?" Naye alikuwa akilala vile babake alivyomfundisha tangu yuko chuo cha Kurani: anatia udhu, analalia ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu, uso kibla. Aliomba dua kila siku kabla ya kufumba macho. Aliamka kila siku hana kitu.

Kisha yakatokea ya mafuta. Jiko lilikaa vibaya, karai likainama, mafuta ya moto yakamwagikia mkono wake wa kulia kuanzia begani hadi chini ya kiwiko, na ubavu mzima. Ummi alipiga kelele nikaruka ukuta. Tulimpeleka zahanati, na nesi mmoja aitwaye Mercyline, mwenyeji wa Kiembeni, akamwosha na kumfunga kwa mikono myepesi sana. Tangu hapo ubavu wa kulia ukawa haulaliki. Kushoto alisema moyo unamgonga. Kifudifudi hakutaka hata kusikia, tulikatazwa tukiwa wadogo. Ikabaki chali.

Mchana wa kwanza wa kulala chali nilikuwa nadarizi kola ya kanzu. Baada ya adhuhuri mtaa wetu hutulia, na Mwanasaumu alikuwa kwenye kitanda chake cha kamba chumbani, mlango wazi kwa ajili ya joto. Nikasikia sauti kama ya mtu anayeita akiwa ndani ya gunia. Nikaacha cherehani nikaenda. Alikuwa amelala macho wazi, jasho linamtoka, kifua kinapanda kwa taabu, na hakuna kiungo kilichosogea. Nilimwita, hakuitika. Nikakumbuka alichokuwa akifanya nyanyangu mtu akishikwa na jinamizi, nikamvuta kidole gumba cha mguu kwa nguvu. Akavuta pumzi ndefu akarudi.

Hakuniuliza nimeingiaje. Alisema, "Rashad alikuwa mlangoni."

Nikageuka kutazama mlango, na mlangoni palikuwa na jua tu.

Siku ya kubadilisha bendeji nilikwenda naye, na mimi ndiye niliyemwuliza yule nesi, maana Mwanasaumu aliona haya.

"Ni kawaida, mama," Mercyline alisema. "Akili yaamka mwili bado umelala. Mtu huona vitu, husikia kifua kizito. Wengi yawapata wakilala chali, ndiyo maana twawaambia walale ubavu."

"Si shetani?" Mwanasaumu akauliza.

"Mimi sijui habari za shetani, mama. Najua ukilala ubavu huenda yakapungua. Kidonda kikikauka, rudi ubavuni kwako."

Nilimpenda nesi yule kwa sababu hakujifanya anajua zaidi ya alichojua. Kidonda kilikauka. Ngozi ikabaki imekunjamana, yenye rangi ya waridi, kuanzia begani mpaka chini ya kiwiko. Mwanasaumu akaendelea kulala chali.

Hapo ndipo nilipogombana naye. Tulifundishwa chuo kimoja, mimi na yeye, na sote tunajua ukiota ndoto mbaya unatema kushoto, unageuka ubavu wa pili, wala humwambii mtu. Nilimwambia, "Shoga, wewe wafanya kinyume cha yote matatu. Hutemi, hugeuki, na mimi waniambia."

"Ubavuni simuoni," alijibu.

"Na chali wakabwa roho."

"Nakabwa. Lakini namuona."

Nilimwita mpumbavu. Kisha nikahamisha cherehani yangu nikaiweka kwake, karibu na mlango wa chumba, nikawa nashona huku nikimsikiliza anavyopumua. Akianza kukoroma ule mkoromo wa kuzama, ninainuka nashika kidole. Ndiyo ikawa kazi yangu ya mchana, na hakuna aliyenilipa hata kwa shukrani, maana kila nikimrudisha alinilaumu kwamba nimemvuta mapema.

Mwanzoni hakuweza kitu mle ndani ya ndoto. Alilala amebanwa, Rashad amesimama mlangoni na ovaroli yake, anamtazama, na uzito uko kifuani. Kisha siku moja aliamka ametulia, akaupandisha mkono wa gauni akautazama mkono wake wa kulia.

"Shoga," alisema, "mle ndani mkono wangu mzima. Hauna kovu."

"Basi?"

"Basi nikiuona mzima najua naota. Leo nimeuona, nikajiambia, Mwanasaumu, hii ni ndoto, hufi. Hofu ikanitoka. Na uzito ukapungua."

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu anaota huku anajua kwamba anaota. Lakini kuanzia siku hiyo alikuwa akiingia kule kama mtu anayeingia chumba chake mwenyewe. Kwanza akageuza shingo. Kisha akanyanyua mkono. Kila mara Rashad alikuwa na nguo zile zile za kazi, ametoka jasho, anaomba maji. Hilo lilimpa Mwanasaumu raha kubwa. Sisi wa upande huu tumelelewa hivi, na usiniulize imeandikwa kitabu gani: aliyekufa akija ndotoni huja amevaa nyeupe, ametulia, haombi kitu. Anayekuja na nguo zake za kila siku, ana kiu, huyo bado yumo duniani. Mwanasaumu akaanza kuimba tena akisukuma mahamri. Na Ummi akimsikia akiimba alizidi kukonda.

Maana Ummi alikuwa ameposwa. Mzee Boga, babake, alikuja siku moja kutoka Mtongwe, akakaa barazani, akakataa chai mara mbili ndipo akapokea. Si mtu mbaya Mzee Boga. Alizungumza akitazama viatu vyake.

"Mama Rashad, mimi na wewe hatujawahi kukosana," alisema. "Kuna mtu amekuja kwangu kwa heshima. Mke wake amefariki, ana duka lake dogo la vyombo, ana dini yake. Amtaka Ummi. Kadhi atamfungua mwanangu hata kesho akiomba, sheria ipo. Lakini yeye haombi. Mwulize mwenyewe."

Ummi alikuwa amesimama na sinia. "Mama akisema Rashad hayupo duniani, n'takwenda," alisema. "Asiposema, n'takaa."

"Wamsikia?" Mzee Boga akasema. "Wallahi, sikulaumu. Lakini huyu yuwazeeka hapa akikuna nazi. Wewe ndiwe mama. Ijumaa n'tarudi, uniambie umemuonaje. Nikisikia yu hai, sitakuja tena na maneno haya. Nikisikia ametangulia, tutamsomea hitima, akae eda yake hapa hapa kwako, kisha n'tamchukua mwanangu."

Alipoondoka nilitamani kumrushia mkasi. Kumpa mwanamke mzigo kama ule! Ilikuwa kama kumwambia akate mkono mmoja, achague yeye upi. Ummi ndiye aliyekuwa mtoto pekee aliyembakia. Na aliyekuwa ndani ya ndoto ndiye aliyemzaa.

Alhamisi, baada ya swala, Mwanasaumu alinyoosha shuka ya kitanda chake cha kamba kana kwamba kuna mgeni.

"Leo n'takwenda mpaka pale mlangoni," aliniambia. "N'tamshika nimwulize. Mwanangu, u hai au umekufa? Akinijibu, imekwisha."

"Na ukibanwa?"

"Leo usinivute. Hata nikikoroma vipi. Niapie."

Niliapa huku moyo wangu ukikataa. Akalala chali, mikono kando, akafumba macho. Ummi alikuwa uani anaosha masufuria. Nilijaribu kushona, uzi ukanikatikia kila mara. Baada ya muda pumzi zake zikawa nzito. Kisha ukaja ule mkoromo, kisha ukakatika, na kifua kikasimama. Nilimshika kidole cha mguu. Kilikuwa cha baridi pamoja na joto lote lile. Nikahesabu pumzi zangu mwenyewe kwa sababu zake sikuzisikia. Kifua kikapanda tena. Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni mwa macho yakiingia masikioni, na midomo ilikuwa ikisema kitu bila sauti. Nilishika kile kidole na sikukivuta, na hakuna kazi niliyowahi kuifanya iliyonichosha kama ile.

Aliamka mwenyewe. Alikaa kitako kitandani, miguu chini.

"Umefika?" nikauliza.

"Nimefika. Nimemshika ovaroli. Nilitazama mkono wangu kwanza, mzima, nikajua n'ko wapi. Nikamwuliza, mwanangu, u hai? Akasema, n'ko hai, mama."

Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Akanyanyua mkono kunizuia.

"Ngoja. Alisema vile nilivyotaka mimi, Nyamvula. Kabla hajafungua kinywa nalikuwa nishalijua neno. Nikaingia shaka. Nikamwambia, sema umekufa. Akasema, nimekufa, mama. Kwa uso ule ule. Nikamwambia, vua ovaroli uvae nyeupe. Akawa na nyeupe. Nikamwambia arudishe, akarudisha." Akajifuta uso kwa upande wa leso. "Mwanangu hakuwahi kunitii vile hata siku moja. Nikimwambia kaa ule, alikula amesimama. Yule si Rashad. Yule ni mimi."

Nilikaa kando yake kitandani, kamba zikalia. Uani Ummi alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga.

Baadaye aliniambia kwa sauti ndogo, "Kesho Boga yuwaja."

"Mwambie ukweli. Mwambie hujui."

"Nikisema sijui, Ummi atakaa."

"Basi akae! Si mwenyewe ataka?"

"Ataka kwa sababu mimi naimba," alisema. "Asikia naimba asubuhi, adhani najua kitu. Nami sijui kitu. Nimemfunga msichana wa watu kwa kitu ambacho sikijui."

Nilimkumbusha kwamba kusingizia ndoto ni dhambi kubwa, tulifundishwa pamoja. Akasema anajua, na kwamba hilo litakuwa baina yake na Mola wake. Nilimkasirikia mpaka nikaondoka bila kuaga, nikaiacha cherehani kwake. Nililia nyumbani kwangu, si kwa dhambi. Nililia kwa sababu nilijua atafanya.

Ijumaa Mzee Boga alikuja moja kwa moja kutoka msikitini. Safari hii hakukaa. Mimi nilikuwa kwangu, nimeinamia kitambaa, sikio langu kwao. Ummi alitoka ukumbini akasimama nyuma ya mama mkwe wake.

"Nimemuona," Mwanasaumu alisema. Sauti yake haikutikisika. "Alikuwa na nguo nyeupe. Ametulia. Hakuomba kitu."

"Innalillahi," Mzee Boga akasema, akakaa chini mwenyewe bila kualikwa.

Nilidhani Ummi atapumua. Tulidhani sote kwamba tunamfungulia mlango. Badala yake alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, akaanguka magotini akamshika Mwanasaumu miguu. "Hukumuuliza kuhusu mimi?" alisema. "Mama, hakunitaja?"

Hili Mwanasaumu hakulitayarisha. Nilimwona akitafuta, midomo inafunguka na kufungika. Kisha akamwekea mkono kichwani.

"Alikutaja," alisema. "Alisema umevumilia sana. Alisema yu radhi nawe, na uende."

Hitima ilisomwa wiki iliyofuata. Wanaume walijaa barazani kwake na kwangu, hata ule ukuta mdogo wakaukalia, na sisi wanawake tulikuwa ndani, pazia limeshushwa. Ummi alikuwa amevaa nguo za eda, uso ukutani. Watu walifurahi, Mungu anisamehe lakini ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wamechoka kutojua wamsalimie vipi mama yule, na sasa walikuwa na neno la kusema, wakalisema kila mmoja: pole, Mungu amlaze pema. Mke wa muuza mkaa alikuja na sinia la tende, akalia kuliko wafiwa. Mwanasaumu alipokea pole zote. Tangu Ijumaa ile alikuwa amerudi kulala ubavu wa kulia, na hakuwa akiota kitu.

Walipomaliza juzuu zao, mwalimu aliyeongoza kisomo alitaka kuanza dua. Alikuwa mgeni, ameletwa na Mzee Boga kutoka Mtongwe, hakumjua kijana. Akasogea karibu na pazia akauliza kwa adabu, "Marehemu jina lake nani, na mama yake nani? Nimtaje."

Nilimtazama Ummi, naye akajifunika uso. Wanawake wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake, maana jina lile lilikuwa halijawahi kuitwa la marehemu na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kule nje wanaume walikuwa wamekwisha kuinua mikono, wanasubiri.

Mwalimu akauliza tena.

Mwanasaumu akainuka, akaenda mpaka kwenye pazia, akasema mwenyewe, "Rashad. Rashad wa Mwanasaumu."

Kisha akarudi akakaa mahali pake, na dua ilipoanza akaitikia amina kama wenzake.